Maneno ya Woody, Vidole vya Bosco

Mwaka 1950 mkusanyaji wa nyimbo Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, Kenya, na vinasa sauti vyake. Kati ya nyimbo alizoondoka nazo upo mmoja ulioimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, nyuzi zikidonolewa taratibu nyuma yao. Unaitwa "Chemirocha". Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyekuwa zamani mfanyakazi wa reli, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigis kwa gramafoni za Wazungu. Wasichana wale hawakuwahi kumwona. Mtu mwenye sauti ile na nyuzi zile hawakumdhania kuwa binadamu kamili, wakamfanya nusu mtu nusu swala, wakamwita aje acheze nao. Rodgers alikuwa amekwisha kufariki tangu 1933.

Wimbo huu unawaumbua wale wanaotaka mwimbaji wa kienyeji awe kisima kilichofunikwa, kisichoingia hata tone la mvua. Maana Rodgers naye alitokea mahali. Agosti 1927, katika mji wa Bristol uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor aliwarekodi kwa siku chache wale walioamua njia ya muziki wa vijijini Marekani: Jimmie Rodgers, na familia ya Carter kutoka milima ya Virginia. Sauti ya Rodgers ikafika Kapkatet. Sauti ya akina Carter ikafika masikioni mwa kijana wa Oklahoma aliyeitwa Woody Guthrie. Na miaka miwili baada ya Kapkatet, Tracey yule yule akiwa Katanga, Kongo, alimkuta kijana mwingine, Mwenda Jean Bosco, akipiga gitaa barabarani.

Guthrie na Bosco wote huwekwa kwenye rafu moja, rafu ya nyimbo za watu. Wote walikuwa watunzi. Wote walijenga kazi yao kwa vitu vya kuazima na hawakuona haya. Lakini dunia imemkumbuka mmoja kwa maneno na mwingine kwa vidole, na kadiri ninavyowasikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mgawanyo huo haukutoka kwao.

Guthrie alizaliwa Okemah, Oklahoma, tarehe 14 Julai 1912. Ujana wake ulimpeleka Pampa, Texas, na ndiko alikokuwa tarehe 14 Aprili 1935, siku ambayo ukuta mweusi wa vumbi ulifunika jua mchana. Nyanda zile zilikuwa zimepigwa jembe mpaka nyasi zilizoshika udongo zikatoweka. Mvua ilipokata, upepo ukauzoa udongo wenyewe. Watu wakafunga virago kuelekea California, Guthrie akafuata, na kufikia 1937 alikuwa akiimba katika redio ya KFVD ya Los Angeles. Wengi wa wasikilizaji wake walikuwa wahamiaji waliotoka alikotoka. Redio ile ilikuwa chuo chake. Pale alijifunza kwamba mtu aliyepoteza shamba hatafuti wimbo wa kumsahaulisha tu. Anataka pia kusikia shamba lake likitajwa, na aliyelichukua akitajwa.

Mahadhi alichukua popote alipoyakuta. Kwa Maybelle Carter alichukua pia upigaji: kidole gumba kinaimba wimbo kwenye nyuzi nene huku vidole vingine vikikwaruza zile nyembamba, mpaka gitaa moja linatosha kuwa mwimbaji na mwitikiaji. Wimbo wake mashuhuri kuliko yote, "This Land Is Your Land", aliouandika New York mwezi Februari 1940 kwa kuchoshwa na wimbo wa kizalendo uliokuwa ukipigwa redioni kila saa, umejengwa juu ya mahadhi yaliyo karibu sana na wimbo wa dini ambao akina Carter walikuwa wameurekodi miaka kumi nyuma. Akina Carter nao walikuwa wamechota. Katika safari za kukusanya nyimbo, A. P. Carter alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi wa North Carolina, ambaye alikuwa akiyashika mahadhi kichwani wakati mwenzake akiandika maneno. Maybelle alisema wazi kwamba alijifunza kwa Riddle. Kwa hiyo ndani ya wimbo ambao watoto wa shule Marekani huuimba kama wimbo wa pili wa taifa, kuna kanisa, kuna milima ya Virginia, na kuna mtu ambaye katika miaka ile asingeruhusiwa kuketi meza moja na wenye hoteli waliowapokea akina Carter.

Sasa twende Bunkeya. Bosco alizaliwa huko mwaka 1930, kwa Bayeke, na kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la kupita haraka. Msiri, aliyeujenga ufalme wa Bayeke, alitoka Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo, katikati ya karne ya 19, akifuata shaba na pembe za ndovu. Mwenda ni jina la ukoo wake wa kitawala. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wake hadi Desemba 1891, alipouawa na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Miaka 15 baadaye ikaundwa kampuni ya Union Minière kuchimba shaba ile ile. Reli ikaingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Wafanyakazi wakaletwa kutoka Kasai, Rhodesia Kaskazini, Angola, hata Rwanda na Burundi, wakapangwa kambini, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili: Kiswahili cha Katanga, kinachokula Kifaransa, Kiluba na Kibemba bila kuomba radhi kwa mtu wa Unguja.

Ndani ya kambi hizo gitaa lilikuwa na wazazi wengi. Kulikuwa na upigaji wa vidole viwili uliosambazwa na mabaharia wa Kikru katika bandari za Afrika Magharibi hadi mdomo wa mto Kongo. Kulikuwa na santuri za Kuba, zilizouzwa Afrika tangu miaka ya 1930. Kulikuwa na magitaa na santuri zilizopanda na reli kutoka Afrika Kusini. Kulikuwa na nyimbo za kanisani. Na kulikuwa na likembe, ala ya ndimi za chuma inayochezwa kwa vidole gumba, ambayo mtu akiizoea tangu utotoni huwa tayari amejifunza kwamba mikono miwili inaweza kuzungumza mambo mawili kwa wakati mmoja.

Tracey alimrekodi Bosco Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, mwaka 1952. Wimbo mmoja katika zile, "Masanga", ukapata tuzo ya Osborn ya muziki bora wa Afrika wa mwaka huo. Usikilize pole pole. Vidole vinavyofanya kazi mkono wa kulia ni viwili tu, gumba na cha shahada. Gumba linashuka nyuzi nene kwa mwendo ambao sikio linauchukua kuwa ndio mapigo. Kisha kidole cha shahada kinaingia juu, na mapigo yake hayaangukii pale ulipotarajia. Unageuza kichwa kukifuata kile cha juu, na ghafla gumba ndilo linaloonekana kuchelewa. Hakuna kilichochelewa. Bosco anaendesha miendo miwili iliyokubaliana kukutana mbele kidogo, na kila inapokutana hubadili kitu kimoja kidogo, noti imeongezwa hapa, imeachwa pale, hivyo mzunguko unarudi ukiwa si ule. Juu ya hayo yote anaimba, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani. Maybelle alitenganisha gumba na vidole ili gitaa moja litoshe nyumba nzima. Bosco alivitenganisha kisha akavigombanisha, na hapo, kwa sikio langu, alivuka mahali ambapo Guthrie hakuwahi kujaribu kufika. Guthrie alikuwa mpigaji wa kutosha tu. Gitaa lake lilikuwa gari la kubebea maneno.

Hapo ndipo watu wengi wanapomalizia ulinganisho: yule wa maneno, huyu wa vidole. Ni ulinganisho mwepesi na unamdhulumu Bosco.

Angalia jinsi kila mmoja alivyoingizwa kwenye kumbukumbu. Machi 1940, mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax alimkalisha Guthrie mbele ya mashine ya Maktaba ya Bunge, Washington, na kwa saa kadhaa akamhoji. Ulizaliwa wapi? Baba yako alifanya nini? Vumbi lilipokuja ilikuwaje? Guthrie akajibu, akaimba, akarudi kwenye hadithi. Kila wimbo ulibaki umefungwa kwenye maisha ya aliyeutunga. Miezi michache baadaye kampuni ya Victor ikatoa santuri zake za nyimbo za vumbi. Mwaka 1943 akachapisha kitabu cha maisha yake, *Bound for Glory*. Alikuwa ameandika safu katika gazeti, aliandika madaftari, na alipofariki Oktoba 1967 aliacha maneno ya nyimbo maelfu, mengi bila mahadhi. Ndiyo maana mwaka 1998 Billy Bragg na kundi la Wilco waliweza kutoa albamu nzima, *Mermaid Avenue*, yenye maneno ya Guthrie na muziki wao wenyewe.

Tracey alikuja Katanga kwa kazi ya namna nyingine. Alikuwa akizunguka nusu ya bara, kabila baada ya kabila, mji baada ya mji, akirekodi nyimbo zilizotoshea upande mmoja wa santuri, dakika tatu hivi, kisha kujaza kadi: jina, mahali, lugha, ala, aina ya wimbo. Kwa kazi hiyo tunamdai shukrani. Bila yeye "Masanga" ingebaki barabarani Jadotville. Lakini kadi haimwulizi mtunzi kwa nini. Na wataalamu waliofuata walivutwa na kilichowashangaza. David Rycroft alichapisha mwaka 1961 na 1962, katika jarida la *African Music*, uchambuzi wa Bosco uliobaki rejea hadi leo, na kichwa chake kinazungumzia ubunifu wa papo kwa papo wa gitaa. Kisha wakaja wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani na michoro yao ya nyuzi na namba. Leo mtu anaweza kuipiga "Masanga" vizuri kabisa akiwa London na asijue neno hata moja la kinachoimbwa.

Msikilizaji wa Kiswahili ana nafasi ambayo Rycroft hakuwa nayo. Lafudhi ya Katanga itamkwaza mwanzoni, viambishi vikikaa vingine, lakini baada ya nyimbo mbili tatu mlango unafunguka, na anayemkuta ndani ni mtunzi. Nyimbo za Bosco zina mapenzi na mashaka yake, marafiki wanaosalimiwa kwa majina, maisha ya mji wa mshahara, pombe, na nasaha za mtu aliyejifunza kwa kuumia. Mshororo unaoonekana hapa unazuka tena katika wimbo mwingine, kama ilivyo katika bluzi za Mississippi na katika nyimbo za akina Carter, ambako beti zilikuwa mali ya yeyote aliyezihitaji. Guthrie akifanya hivyo huambiwa ameendeleza jadi ya ubaladi. Bosco akifanya hivyo, maneno yake huitwa kijazio cha kuipa sauti kitu cha kufanya juu ya gitaa. Siukubali mzani huo.

Pwani yetu inatupa kipimo cha tatu, na kinatusaidia kuona vizuri zaidi. Katika taarabu, kuimba na kutunga si lazima vikae kwa mtu mmoja. Shairi lina mwenyewe, lahani ina mwenyewe, na mwimbaji ana heshima yake kamili hata kama hakuandika mshororo. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyeingia mjini Unguja akiuza vyungu, alikwenda Bombay na wenzake mwaka 1928 kurekodi, na santuri zile zilikuwa kazi ya kundi: sauti yake, udi, fidla, tungo zilizopikwa pamoja katika mabaraza ya Ng'ambo. Alichota Kiarabu cha Misri na India ya filamu na ngoma za nyumbani, akavitia katika Kiswahili ambacho mchukuzi wa bandarini alikielewa. Naye hakusahaulika kama mtu, kwa sababu Shaaban Robert alikaa akaandika wasifu wake. Kwa hiyo Guthrie alijiandika, Siti aliandikwa na mshairi wa lugha yake mwenyewe, na Bosco aliandikwa na watu waliokuwa wakitazama mkono wake.

Kuna jambo jingine linalowakutanisha Siti na Guthrie ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Tarehe 28 Januari 1948 ndege iliyokuwa ikiwarudisha Mexico vibarua wa mashambani ilianguka katika korongo la Los Gatos, California. Watu 32 walikufa, 28 kati yao wakiwa Wamexico hao. Taarifa zilizomfikia Guthrie ziliwataja kwa majina rubani na wenzake, na vibarua zikawaita tu waliofukuzwa nchini. Guthrie akaandika shairi la kuwapa majina. Hakulitilia mahadhi, lilitiwa na mwalimu mmoja kijana, Martin Hoffman, karibu miaka kumi baadaye. Huo ndio utaratibu wa taarabu kabisa: shairi limetangulia, likakaa, likampata mwenye lahani. Na Siti na kundi lake walikuwa wameifanya kazi kama hiyo Unguja miaka ishirini nyuma, katika "Kijiti", wimbo juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa na kesi iliyowaacha wasikilizaji wa Ng'ambo wakijua kwamba mahakama haikuwa yao. Majina ya vibarua wote waliokufa Los Gatos yalichongwa kwenye jiwe la kaburi lao huko Fresno mwaka 2013. Shairi lilikuwa limeyadai kwa miaka 65.

Fedha nayo inastahili kutajwa, kwa kuwa hutumika kuwahukumu watu hawa. Mei 1941 shirika la serikali lililosimamia umeme wa mto Columbia lilimwajiri Guthrie mwezi mmoja ili asifie mabwawa. Alilipwa dola 266.66, akatoa nyimbo 26, na baadhi ni kati ya nyimbo zake bora. Waimbaji wa Katanga nao, Bosco na binamu yake Edouard Masengo, walifanya kazi Nairobi katika zama ambazo makampuni yaligundua kwamba gitaa huuza bidhaa kuliko bango. Sioni aibu yoyote hapo. Mtunzi anakula, na mahadhi mazuri hayaharibiki kwa kulipiwa.

Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la nyimbo za watu la Newport, Rhode Island. Lilikuwa ni jukwaa la watoto wa Guthrie. Pale Pete Seeger alikuwa mzee wa nyumba, na pale pale Bob Dylan, aliyemfuata Guthrie hospitalini New Jersey mwaka 1961 akiwa hajulikani, alikuwa amewasha gitaa la umeme mwaka 1965 na kuligawa kundi lake. Hadhira ile ilikuwa imelelewa kusikiliza maneno kuliko hadhira nyingine yoyote ya wakati wake, na mbele yake alisimama mtunzi ambaye maneno yake haikuweza kuyasikia. Ilipokea vidole, ikavishangilia kwa haki.

Nairobi haikuwa hivyo. Redio ilipompiga Bosco huko, miaka kadhaa kabla ya Newport, fundi wa Pumwani na mpishi wa Westlands waliupata wimbo mzima, gitaa na habari yake. Katika miaka hiyo hiyo, George Mukabi wa magharibi mwa Kenya alikuwa akijenga omutibo: gitaa kavu la vidole viwili, chupa ya Fanta ikikwaruzwa na kugongwa kushika mapigo, na juu yake visa virefu kwa Kiluyia na Kiswahili, vya mapenzi na fitina za nyumbani, kila kisa na wahusika wake. Alifariki 1963, kijana bado. Bosco aliendelea, akarekodi tena Cape Town mwaka 1988 kwa jina la Mwenda wa Bayeke, na akafa kwa ajali ya gari mwaka 1990. Magharibi mwa Kenya bado wapo wazee wa omutibo ambao ukiwaomba wimbo wa zamani hukusimulia kwanza aliyeachwa ni nani na alimkosea nani, halafu ndipo gumba linaposhuka kwenye uzi mnene.